VYUMA VIKUUKUU, MIZINGA MIPYA

Katika wiki hizi wanachama wetu wengi, wazee kwa vijana, wametuuliza barazani neno moja, nasi tumeona ni wajibu kulijibu katika ukurasa huu badala ya kumjibu mtu mmoja mmoja. Wameziona picha za vita vya Ukraine. Tangu mwaka 2022 Mrusi amekuwa akitoa maghalani vifaru vya T-62, ambavyo jeshi lake liliviingiza kazini mwaka 1961, akavipeleka mstari wa mbele. Na upande wa pili Wajerumani, Wadenmaki na Waholanzi wakaahidi kumpa adui wake vifaru vya Leopard 1, navyo ni vya miaka hiyo hiyo ya 1960. Wanachama wetu wauliza: jee, hiki ni kichekesho au ni hila? Yawezekanaje chuma kilichofuliwa kabla ya baba zetu kuoa kikapelekwa vitani leo? Wako waliocheka wakasema kwamba madola makubwa yamefilisika. Sisi twawaomba wasifanye haraka ya kucheka, kwani jambo hili la kuvifanya upya vifaru vikongwe limewahi kumwaga damu nyingi katika bara letu wenyewe, na lilifanywa mchana kweupe, mbele ya ulimwengu uliokuwa umeazimia kulizuia.

Anayetaka kulielewa na aanze na chombo anachokijua. Mtu aliyewahi kukaa pwani ya Nungwi akawatazama mafundi wa vyombo ameona jahazi kuukuu likipandishwa mchangani. Mbao zilizooza hutolewa zikatiwa mpya, mianya ikatiwa kalafati, na siku hizi badala ya kutegemea tanga peke yake hufungwa mashine ya dizeli. Likishushwa majini mwenyewe huapa kuwa ni lile lile la babu yake, wala hasemi uwongo. Lakini anayeshindana nalo baharini hakutani tena na jahazi la babu. Hata hivyo mkuku ni ule ule. Fundi hawezi kutia mashine kubwa kuliko inavyostahimili mkuku, na kama chombo kilizaliwa na kasoro ya kulala upande, kitalala upande pamoja na mashine yake mpya.

Kifaru nacho kina mkuku wake, nao ni kiwiliwili cha chuma pamoja na lile duara kubwa ambalo juu yake kichwa huzunguka. Upana wa duara hilo ndio unaoamua ni mzinga gani unaoweza kukaa humo. Mzinga unapofyatuliwa hurudi nyuma kwa kishindo, na watu wamekaa mle mle ndani pamoja nao, bega kwa bega. Mzinga mkubwa katika chumba chembamba huwa ni khatari kwa wenyewe kabla ya kuwa khatari kwa adui. Deraya nayo ina bei yake. Kila bamba linaloongezwa ni uzito, uzito wataka mashine yenye nguvu zaidi, mashine yataka mafuta zaidi, na magurudumu na minyororo iliyotengenezwa kwa uzito wa zamani haikubali mzigo mpya bila ya kulalamika. Kwa hiyo mafundi walitafuta njia nyingine. Walitengeneza mfano wa matofali yenye baruti ndani, yanayobandikwa nje ya kifaru, ili likija kombora la kutoboa deraya tofali liripuke na kuuvunja mwali wake kabla haujafika kwenye chuma. Ni ajabu kumkinga mtu kwa kumvika baruti, lakini ndivyo ilivyo; Waisraili waliingia nayo vitani Lebanon mwaka 1982, na baada ya hapo Mrusi naye akavivika vifaru vyake.

Lakini kilichoigeuza kazi hii zaidi ya mzinga na deraya ni vyombo vya elektroniki. Zamani mpigaji alikisia masafa kwa jicho. Risasi ya kwanza ikipita juu alishusha mtutu, ya pili ikianguka karibu aliupandisha, na kabla ya ya tatu huenda adui amekwisha kumpata yeye. Siku hizi mwale wa laser hupima masafa kwa muda wa nukta moja, kompyuta ikahesabu upepo na mwendo wa adui, na kioo kinachoona joto kikamwonyesha mtu aliyejificha gizani kama kwamba amemulikwa taa. Kifaru cha mwaka 1961 kikitiwa vitu hivi hakiwi kifaru kipya, illa aliyekidharau hapati nafasi ya kukitazama mara ya pili.

Tuchukue kifaru kimoja tukifuate tangu kuzaliwa kwake, kwa sababu safari yake ilikuja ikafika katika bara letu. Mwingereza alikitengeneza kifaru kiitwacho Centurion mwishoni mwa Vita Vikuu vya Pili. Vile vya mwanzo vilifika Ulaya mwezi wa Mei 1945, Hitler amekwisha kufa na mizinga imenyamaza. Kilikuwa na mzinga wa ratili 17, kwani siku hizo Mwingereza aliuita mzinga kwa uzito wa risasi yake. Baadaye ukatolewa ukatiwa wa ratili 20, na kwa mzinga huo kilipigana Korea. Kisha ukaja mwaka 1956. Watu wa Hungary waliinuka dhidi ya Warusi, na katika vurugu za Budapest kifaru kimoja cha Kirusi cha T-54 kilitekwa na waasi, kikaendeshwa mpaka katika uwanja wa ubalozi wa Uingereza. Hakikukaa hapo muda mrefu, lakini muda uliwatosha Waingereza kukichungua. Walichokiona hakikuwafurahisha: unene wa deraya yake na mzinga wake wa milimita 100 uliwaonyesha dhahiri kuwa ule wao wa ratili 20 hautoshi tena.

Jawabu la London halikuwa kuvitupa vifaru vyao. Waliutoa mzinga mpya wa milimita 105, jina lake L7, na hekima yake kubwa ilikuwa kwamba uliweza kukaa mahali pale pale palipokaa mzinga wa zamani. Mwaka 1959 Centurion zikaanza kuuvaa. Mzinga ukapendwa mno. Wajerumani wakautia katika Leopard 1, Wamarekani wakafanyiza wao kwa mfano wake wakautia katika M60, na hatimaye Mchina, ambaye kifaru chake cha Type 59 ni mtoto halali wa ile T-54 ya Kirusi, naye akafanyiza mfano wa mzinga huo huo akautia ndani ya Type 59. Wasomaji na wautazame mzunguko huu: mzinga uliotakiwa kuiua T-54 ukaishia tumboni mwa mtoto wa T-54.

Centurion ilikuwa na ila nyingine. Mashine yake ya petroli, iliyotokana na mashine ya ndege, ilikunywa mafuta kupita kiasi. Waisraili waliitoa wakatia ya dizeli ya Kimarekani yenye nguvu za farasi 750, pamoja na mzinga wa 105. Mwezi wa Oktoba 1973, juu ya vilima vya Golan, vifaru hivyo vikongwe vilisimama mbele ya T-55 na T-62 za Syria zilizovizidi sana kwa wingi, na mwisho wa mapigano ni Wasyria waliorudi nyuma. Lakini usiku ulipoingia, Wasyria walikuwa na vyombo vya kuonea gizani ambavyo wenzao hawakuwa navyo, na katika saa hizo mzinga mzuri ulikuwa na faida ndogo mikononi mwa mtu asiyeona.

Sasa twende kusini. Makaburu walinunua Centurion zao kwa Mwingereza katika miaka ya 1950, wakati ambapo hakuna serikali kubwa iliyowauliza neno. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 waliziona hazina kazi nyingi, wakaziuza 100 kwa Uswisi. Hawakuwa na adui mwenye kifaru. Watu waliowapiga risasi Sharpeville mwaka 1960 hawakuwa na silaha mikononi. Mwaka 1963 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likayataka mataifa yasiwauzie silaha, na tarehe 4 Novemba 1977 ombi hilo likageuka amri, kwa azimio namba 418. Wazee wetu wazikumbuka siku hizo. Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, na wapiganaji wa SWAPO, ANC na FRELIMO walipata kambi Kongwa. Ilionekana kama kwamba mlango umefungwa.

Mlango uliofungwa ulikuwa wa vifaru vipya. Katika miaka ya 1970 Makaburu walizunguka duniani wakikusanya Centurion kuukuu ambazo wenyewe hawakuzitaka tena, zikiwamo zilizotoka Jordan na India. Wakatoa mashine za petroli wakatia za dizeli. Wakatoa mzinga wa ratili 20 wakatia wa milimita 105, wa mfano ule ule wa Mwingereza. Wakatia laser ya kupimia masafa na vyombo vya kuonea usiku. Wakakipa kifaru chao jina la Olifant, yaani ndovu. Azimio la Umoja wa Mataifa halikusahau kitu. Lilitaja hata vipuri. Kosa lilikuwa machoni mwa walinzi, waliokuwa wakingojea kifaru kipya kishushwe bandarini Durban, ilhali kifaru kilikuwa kinazaliwa karakanani kutoka tumbo la kile cha zamani. Aliyeuza chuma chake kikuukuu alijiona ameuza chakavu. Pengine aliamini hivyo kwa moyo safi. Pengine bei ilimsaidia kuamini.

Mwezi wa Novemba 1987, kusini-mashariki ya Angola, Olifant zilikutana na vifaru vya T-54 na T-55 vya jeshi la Angola. Miaka 31 baada ya ile siku ya Budapest, mzinga ule na windo lake vikaonana uso kwa uso, si katika Ulaya iliyovizaa vyote viwili, bali katika msitu wa Waafrika. Hatuna budi kulisema lililotokea ingawa latuchoma. Makaburu walikuwa na wapigaji waliozoezwa vizuri na walikuwa na mzinga bora, na katika mapigano ya siku hizo waliviteketeza vifaru vingi vya Angola pamoja na vijana waliokuwamo ndani. Vijana hao waliuawa na kifaru cha mwaka 1945. Mtu akituambia tena kwamba kifaru kikongwe ni kichekesho, na aende akawaambie mama zao.

Hata hivyo khabari haikuishia hapo. Baina ya Februari na Machi 1988, Makaburu na wenzao wa UNITA walijaribu kuliondoa jeshi la Angola, lililosaidiwa na Wacuba, kutoka mahali paitwapo Tumpo, ukingo wa mashariki wa mto, mbele ya mji wa Cuito Cuanavale. Walishambulia mara tatu, na mara zote tatu walirudi bila ya kupata walichokitaka. Tarehe 23 Machi Olifant ziliingia katika shamba la mabomu yaliyofukiwa ardhini, mizinga kutoka ng'ambo ya mto ikazinyeshea, na walipoondoka walikuwa wameacha tatu nyuma yao. Laser haioni bomu lililo chini ya mchanga. Mafundi walikuwa wametia upya mzinga, mashine na macho, na adui akaja kwa chini, kwenye tumbo. Olifant iliyofuata, iliyoanza kazi mwaka 1991, ilipewa sakafu mbili za chuma. Lakini mkataba ulikuwa umekwisha kutiwa saini New York tarehe 22 Desemba 1988, na Namibia ilikuwa huru tangu tarehe 21 Machi 1990.

Tumeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu watu hupotoka kwa pande mbili. Wako wanaodhani kwamba kifaru cha zamani hakina maana, na hao Angola yawajibu. Wako na wanaodhani kwamba fedha na elektroniki huweza kufuta kila kasoro, na hao pia Angola yawajibu, na Ukraine yaongeza. Kifaru cha Kirusi cha T-72 hupanga risasi zake kwa duara chini ya miguu ya watu wake. Kimetiwa vioo vipya, mashine mpya na matofali ya baruti. Duara lile liko pale pale, na ndiyo sababu ya zile picha za vichwa vya vifaru vilivyorushwa mbali na viwiliwili vyake. Mkuku haubadiliki.

Sasa tuje kwenye hisabati, maana hapo ndipo penye hila khasa. Mwaka 2021 serikali ya Uingereza ilitia saini mkataba wa pauni milioni 800 wa kuvigeuza vifaru 148 vya Challenger 2 viwe Challenger 3, kwa kuvitia kichwa kizima kipya na mzinga mwingine wa milimita 120. Msomaji akigawa ataona kwamba kila kifaru chala zaidi ya pauni milioni tano. Watu wao angalau wameambiwa bei. Lakini kuna nchi ngapi ambazo kazi ya namna hiyo huandikwa kwa neno moja tu, "matengenezo", katika fungu lile lile la rangi za kuta na mabati ya kambi?

Dunia nayo yahesabu kwa jicho moja. Umoja wa Mataifa uliweka daftari la silaha mwaka 1991, na daftari hilo lakihesabu kila kifaru chenye uzito usiopungua tani 16.5 na mzinga usiopungua milimita 75 kinapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine. Kifaru kilicholala kwao kikaamka na mzinga mpya hakikuvuka mpaka wowote, na kwa hiyo hakikuuzwa. Mkataba wa Biashara ya Silaha, ulioanza kufanya kazi tarehe 24 Desemba 2014, umevitaja vifaru mwanzo kabisa na umetia na vipuri, lakini ni vile vipuri vinavyopelekwa kwa namna ya kumwezesha mtu kuunganisha silaha. Jee, kioo cha usiku peke yake? Kompyuta peke yake? Mawakili watabishana mpaka alfajiri, na meli itakuwa imekwisha kushusha.

Tena liko suala la nani ashikaye ufunguo. Mwaka 2002 Uturuki ilifunga mkataba na Israil ili ifanyiwe upya vifaru vyake 170 vya M60, vitiwe mzinga mwingine, deraya na vyombo. Kazi ikafanywa, na kwa khabari zote ilifanywa vizuri. Mwezi wa Mei 2010 askari wa Israil waliivamia meli ya Mavi Marmara wakawaua Waturuki waliokuwamo, na nchi mbili hizo zikahasimiana, ilhali vifaru vya mmoja vilikuwa na ubongo uliotoka kwa mwenziwe. Baadaye, mwaka 2017, Waturuki waliikabidhi kampuni yao wenyewe ya Aselsan kazi ya kuviongezea vifaru hivyo vyombo vingine. Kulipa mara mbili kwa kifaru kimoja ni khasara, lakini Uturuki ina viwanda. Nchi isiyo navyo ingefanya nini?

Wanachama wasije wakadhani kwamba twapinga kutengeneza kilichopo. Jeshi la Tanzania lilipokwenda kupigana na Idi Amin mwaka 1978 na 1979 lilikuwa na vifaru hivyo hivyo vya Type 59, na hapana mtu wa Kagera aliyeuliza mtindo wake ni wa mwaka gani. Nchi maskini inayotupa kitu kizima ili inunue kipya imekosa akili. Neno letu ni jingine. Kukitia kifaru kikongwe mzinga, deraya na elektroniki ni kununua silaha, na kuitwe kununua silaha: katika maazimio ya mataifa, katika daftari za Umoja wa Mataifa, na katika kila bunge linaloletewa makisio ya ulinzi. Lau walinzi wa mwaka 1977 wangeihesabu karakana kama walivyoihesabu bandari, huenda vijana wa Angola wangelikutana na kitu dhaifu zaidi mwaka 1987.

Sisi tulio upinzani hatuna waziri wala hatuna kifaru. Haki tuliyo nayo ni ya kuuliza. Twawataka wawakilishi wetu, popote watakapoliona neno "matengenezo" katika makisio ya ulinzi, wasimame waulize ni chuma gani kinachotengenezwa, chatiwa nini, kwa fedha ngapi, na vipuri vyake vitatoka kwa nani siku ya ugomvi. Wakijibiwa kwamba hiyo ni siri ya jeshi, na waulize mara ya pili, kwani mwuzaji wa ng'ambo aijua siri hiyo pamoja na bei yake.

Matawi yatakayolizungumza jambo hili katika mikutano yao ya mwezi yatuletee maoni yao kwa maandishi, nasi tutayachapa kadiri karatasi itakavyotosha.